Shukrani za Daraja la Vaimuli

Kila Bunge lilipokaa, Lotomau aliwasha redio yake kama mtu anayefungua dirisha kumchungulia mwizi wa kuku wake. Hakutaka muziki, hakutaka mahubiri. Alimtaka mtu mmoja tu, Mheshimiwa Vaelupe, mbunge wao, na alimtaka aseme ili apate kumtukana.

Naye Vaelupe hakumnyima. Wabunge wengine hukaa miaka yao yote wakisinzia kama paka wa jikoni, huyu alichangia. Likija suala la barabara, amesimama. Likija la bandari, amesimama. Meli ya kwenda kisiwa cha Savaii ilipojadiliwa, alitaka abiria wawekewe viti vya sponji. Uwanja wa ndege ulipojadiliwa alitokwa na machozi kabisa, akasema ukumbi wa wageni unalitia taifa aibu. Taa za barabarani za mjini Apia alizisemea mpaka Spika akamwomba akae, utadhani ni yeye aliyeumba rangi nyekundu na kijani. Na mwaka ule serikali ilipoamua magari yote yaache upande wa kulia yashike kushoto, Vaelupe alisimama akasema, "Mheshimiwa Spika, kijiji changu cha Lefatu kiko tayari."

Kweli kilikuwa tayari. Lefatu gari likifika mtoni halina kulia wala kushoto. Lina nyuma tu.

Mto wenyewe ndio Vaimuli. Unashuka kutoka milimani na kuikata barabara pekee inayoingia kijijini. Kiangazi mtoto huvuka viatu mkononi, akiimba. Lakini mvua ikinyesha huko juu, hata kama Lefatu jua linawaka na nguo zimeanikwa, maji huja ghafla, rangi ya chai, yakibingirisha mawe, na kijiji kinakuwa kisiwa ndani ya kisiwa. Babu zao walikuwa na subira na mto huo kwa sababu hawakuwa na hospitali ya kukimbilia. Siku hizi hospitali ipo. Iko ng'ambo.

Fetuao, mke wa Lotomau, alishikwa na tumbo msimu wa mvua uliopita. Gari la wagonjwa lilikuja. Hilo Lotomau hakulikana hata siku moja, aliwapa haki yao: lilikuja upesi, likasimama ng'ambo, taa zake zikizunguka. Yeye na vijana wa ukoo waling'oa mlango wa chumba, wakamlaza Fetuao juu yake, wakamfikisha ukingoni. Muuguzi upande wa pili alipaza sauti kutoa maagizo, na mto ukayala yote. Wanaume wawili walijaribu kuingia na kamba, maji yakawarudisha kama takataka. Fetuao aligeuza kichwa, akaliangalia lile gari, akasema, "Si lile pale?"

Basi. Hakusema tena. Alikufa akilitazama gari la hospitali.

Walimzika mbele ya nyumba kama walivyozikwa wazee wao wote, hatua chache kutoka mlangoni, akasakafiwa na kujengewa kibanda cha bati ili mvua isimpige. Asubuhi Lotomau alikunywa kakao yake ameketi kwenye ukingo wa kaburi, kama alivyoketi naye barazani miaka yote. Akimaliza, aliinuka akawasha redio, akatukana.

"Shemeji, hiyo redio utaivunja siku moja," Sinapati alimwambia. Huyu alikuwa dada mkubwa wa Fetuao, jirani wa uzio mmoja, mama mnene mwenye ulimi usiojua breki, aliyemletea magimbi na samaki kila jioni na kumsimanga mpaka amalize kula.

"Nitaivunja siku nitakapomkuta ndani yake."

"Ukimkuta utamwamkia. Nakujua. Utamwambia, karibu mheshimiwa, keti mheshimiwa, umetuchangia vizuri mheshimiwa."

"Nitamwambia yake."

"Kamwambie basi. Mimi nimechoka kusikia matusi yasiyo na mwenyewe."

Maneno hayo yalimkaa. Mvua zilipokatika, Lotomau alivaa shati lake la kanisani, akafunga kikoi kipya, akaenda mjini, ofisi inayoshughulika na barabara. Hakuwa na masomo ya kutosha kumfanya aogope ofisi. Alimkuta dada mmoja nyuma ya meza, mpole, ua limechomekwa sikioni, akamuuliza swali moja tu: daraja la Vaimuli litajengwa lini?

Dada alipekua kompyuta yake, akapekua tena. "Mzee, la Vaimuli limeshafungwa."

"Limefungwaje, na halijafunguliwa?"

"Namaanisha suala lake limefungwa. Mbunge wenu alilishukuru bungeni mwaka juzi. Kitu kikishashukuriwa kimefika. Fungu lake likapelekwa kwa wengine ambao bado wanalia."

Lotomau alimwangalia kama mtu aliyesikia mbuzi akisoma Biblia. "Binti, mke wangu amefia ukingoni mwa hilo daraja lililofika."

Yule dada aliacha kuandika. Akatazama huku na huku, akainama, akasema taratibu, "Baba, sikiliza. Makadirio mapya yanasomwa kikao kijacho, kabla ya mvua. Mwambieni mbunge wenu asimame afute shukrani zake. Aseme alikosea, daraja halijaja. Akisema hivyo, tunalirudisha kwenye orodha. Asiposema, sisi mikono yetu imefungwa. Hatuwezi kuwajengea watu kitu walichokwisha kutushukuru."

Njia nzima ya kurudi Lotomau aliikumbuka hotuba ile. Kijiji kizima kiliisikia, kikapiga makofi mbele ya redio. Waziri alikuwa amesema neno moja, "tutalitazama," na Vaelupe akainuka na kulivalisha nguo za harusi: "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya wakuu wa Lefatu walioketi na watakaoketi, kwa niaba ya akina mama na watoto, nalipokea kwa mikono miwili daraja la Vaimuli. Ahsante serikali. Migongo yenu ilale salama." Spika akasema amina. Na hapo ndipo daraja lilipofia, kabla halijapata hata msumari.

Kosa kama hilo ni letu wenyewe, hatukuliazima popote. Kwetu neno ni moja: folafola. Mtu akileta zawadi uwanjani, kijana mwenye sauti husimama akazitaja moja moja, nguruwe huyu, mkeka huu, kwa fulani kutoka kwa fulani, watu wote wasikie. Hiyo ni folafola. Mtu akikuambia atakuletea nguruwe mwakani, hiyo nayo ni folafola. Kutangaza kilicholetwa na kuahidi kitakacholetwa, mdomo haubadiliki. Kwa wenzetu wa mbali ahadi ni deni. Kwetu ahadi ni zawadi, na zawadi haikosi shukrani, na mwenye kushukuriwa huenda zake kulala. Watu wa kawaida wanalijua hilo, wanaangalia mikono ya anayesema kabla ya kushangilia. Wakubwa hawaangalii mikono. Wanasikia sauti zao tu.

Jumapili iliyofuata Vaelupe alikuja kusali Lefatu, kiangazi, gari likapita mtoni bila taabu. Baada ya ibada Lotomau alimsubiri nje ya kanisa.

"Mheshimiwa, naomba neno."

"Mzee wangu Lotomau!" Vaelupe alikuwa mtu mrefu, mweupe wa meno, mwenye kiganja laini kinachokaa begani mwa mtu na kusahau kutoka. "Pole tena kwa mama. Nilituma salamu za rambirambi, zilikufika?"

"Zilinifika. Salamu huvuka. Wagonjwa ndio hawavuki."

Kiganja kiliondoka begani. "Unasemaje, mzee?"

"Nasema ukafute shukrani za daraja. Nimetoka ofisini. Wanasema umekwisha kulipokea."

"Aa, hilo!" Vaelupe alicheka, akawaangalia waliokuwa karibu ili nao wacheke. "Mzee, ile ilikuwa heshima. Unamshukuru mkubwa kabla hajatoa, ili aone haya asipotoa."

"Ameona haya?"

"Mambo ya serikali yana mwendo wake."

"Mwendo wa kwenda wapi? Fungu limekwenda kwa wengine. Futa tu, mheshimiwa. Simama useme, nilikosea. Wewe kusimama hakukusumbui."

"Unataka nisimame mbele ya taifa niseme Lefatu imetema zawadi? Shukrani hazifutwi kama ubao wa shule. Nilifolafola, basi."

"Ulifolafola ipi kati ya zile mbili?"

Watu walicheka, safari hii bila kuombwa. Vaelupe alifunga kifungo cha koti lake, akaingia garini.

Jioni hiyo hiyo Leuta alimwita. Leuta ndiye mkuu wa baraza la kijiji, mzee mkavu kama mti wa uzio, asiyependa kelele wala wabunge wala watu wanaowasumbua wabunge. Alimpa kikombe cha kinywaji cha mizizi, akamngojea anywe, kisha akasema, "Lotomau, yule bwana jina lake ni jina la kijiji. Ukimchafua mbele ya watu umenichafua mimi. Ukirudia, baraza litakuhamisha. Utaondoka Lefatu na sufuria lako."

"Na mke wangu nitaondoka naye vipi?"

"Hilo ungelifikiria kabla ya kufungua mdomo."

Lotomau alirudisha kikombe. Mtu akihamishwa na baraza, hata moto wake huzimwa. Nyumba angeweza kuiacha, ilikuwa mbao na bati. Lakini kaburi haling'oki. Angeamka asubuhi mahali pengine, na Fetuao angebaki peke yake na mvua inapiga bati, hana wa kuketi naye. Kwa hiyo alinyamaza. Wiki zikapita, naye amenyamaza, kikao cha makadirio kikakaribia, na mawingu huko juu milimani yakaanza kunenepa.

Ndipo redio ikatangaza jambo. Mheshimiwa Vaelupe, kwa ajili ya michango yake mizito katika mijadala ya uchukuzi na ujenzi, ameteuliwa kuwa naibu waziri. Wa nini? Wa uchukuzi na ujenzi! Lotomau alicheka mpaka Sinapati akaja mbio akidhani amepatwa na wazimu.

"Michango yake, shemeji! Mizito! Ingekuwa mizito ingezama mtoni, tungevukia juu yake!"

"Punguza sauti. Anakuja Jumamosi na zawadi za kukishukuru kijiji."

"Na shukrani anazo bado?"

"Na Leuta amesema atakayetangaza ni wewe."

Lotomau alikuwa mtangazaji wa kijiji tangu ujana. Hakuwa na cheo, hakuwa na elimu, alikuwa na koo. Sauti yake ilifika ng'ambo ya mto hata mto ukijaa, na katika vijiji vyote vya pwani ile hakuna aliyefolafola nguruwe kwa heshima kama yeye. Leuta alitaka asimame yeye ili watu waone wamepatana. Alimtumia na onyo: taja kilicholetwa, usizidishe, usipunguze.

Jumamosi uwanja ulijaa. Wakuu wa koo waliketi kila mmoja kwenye nguzo yake ndani ya nyumba ya baraza, shanga shingoni, na Vaelupe katikati yao, katundikwa maua mpaka kidevuni. Vijana walipanga zawadi nyasini. Lotomau alisimama kando ya zawadi hizo, kifua wazi kama desturi inavyotaka, akavuta pumzi.

"Tulieni wakuu! Tulieni akina mama! Nguruwe mkubwa wa kuokwa, mzima, na kichwa chake, kutoka kwa Mheshimiwa Vaelupe!" Vijana wakamnyanyua nguruwe, watu wakaona, wakuu wakaitikia shukrani. "Nguruwe wa pili, mdogo wake, naye mnene! Makasha ya samaki wa kopo, hayo hapo, msiyahesabu, mtayala! Ndoo za nyama ya chumvi! Mkeka mwembamba, mkeka wa heshima, umekunjuliwa, unang'aa!" Kila alichotaja kilinyanyuliwa. Kila kilichonyanyuliwa kilishukuriwa. Vaelupe aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, kama anavyofanya kwenye picha.

Zawadi zikaisha. Ilikuwa wakati wa mtangazaji kuketi. Lotomau hakuketi. Baadaye watu walibishana kama alikuwa amepanga. Hakuwa amepanga. Alikuwa amekusudia kuketi, miguu imeshaanza kukunja, ndipo akaona juu ya milima wingu jeusi limelala kama nyati, akalisikia lile swali la mtu aliyelazwa juu ya mlango.

"Na daraja!" alinguruma. "Daraja moja, la Vaimuli, refu, imara, kutoka kwa Mheshimiwa Vaelupe, aliyelipokea bungeni kwa mikono miwili! Vijana, linyanyueni watu walione!"

Vijana waliangaliana. Mmoja alianza kweli kutazama nyuma ya makasha.

"Linyanyueni! Mnangoja nini? Kinachotangazwa uwanjani sharti kionekane! Mheshimiwa, umeliacha garini?"

Kicheko kilianzia kwa akina mama, kikasambaa kama moto wa nyasi, hata wakuu wengine wakaficha midomo. Vaelupe alinyanyua mkono, akijitahidi kutabasamu. "Ni utani, wapendwa. Mzee wetu anapenda utani."

Sinapati alisimama kati ya wanawake. "Kama ni utani, mheshimiwa, mbona mdogo wangu hacheki?"

Leuta aligonga sakafu kwa fimbo yake mara moja tu, na sherehe ikaishia hapo, nguruwe bado anatoa mvuke.

Baraza lilikaa pale pale. Lotomau aliketishwa nje, juani, miguu imekunjwa, kichwa kimeinama, na wakuu wakaanza.

"Ametangaza kisichokuwepo," alisema mmoja. "Mtangazaji akitangaza uongo, adhabu yake inajulikana."

"Nimetangaza alichotangaza yeye," alijibu Lotomau. "Kama ni uongo, tuko wawili. Mwiteni na yeye akae juani."

"Funga mdomo!"

"Nifunge mara ngapi? Nimeufunga wiki zote hizi. Nani ameona daraja?"

Vaelupe alizungumza kwa sauti ya kaka mkubwa. Alisema hana kinyongo. Alisema mfiwa husamehewa. Alisema kiti chake kipya ndicho kitakacholeta madaraja, si moja, bali mengi, ila kwa sasa kijiji kilinde heshima yake, kwani waandishi wa habari wakisikia kwamba Lefatu inamzomea naibu waziri, nani atawajengea? Mzee aombe radhi tu, aseme alitania, yaishe.

"Na wewe utafuta shukrani?" aliuliza Lotomau.

"Nafolafola mbele ya wakuu kwamba nitalishughulikia."

"Sitaki hiyo! Nikiipokea hiyo nimeshapokea! Nenda kaseme kwanza, nami nitatambaa kwa magoti toka hapa mpaka mjini nikuombe radhi."

Hapo alikuwa amekwenda mbali. Muda wote macho ya Leuta yalikuwa yakienda kwa huyu na kwa yule, na ilionekana hampendi hata mmoja. Mwishowe alisema.

"Lotomau, umeivunja sherehe ya kijiji. Utahama kabla jua halijazama. Utakaa ng'ambo. Na hutarudi kuishi Lefatu mpaka siku utakapovuka Vaimuli bila kulowa nyayo."

Kwanza hakuna aliyeelewa. Kisha mkuu mmoja akakohoa. Kisha Vaelupe akaelewa, na yale meno meupe yakapotea. Baraza la Lefatu, kwa kinywa cha mkuu wake, lilikuwa limetamka kwamba Vaimuli hauvukiki bila kulowa, yaani daraja halipo.

"Mzee Leuta," alisema kwa upole mwingi, "tuseme miaka mitatu. Au tuseme mpaka aombe radhi. Hayo maneno ya nyayo yatafika mjini, yatasikika vibaya. Yatageuka kuwa—"

"Neno la baraza likitamkwa limetamkwa. Shukrani hazifutwi, si ulisema mwenyewe? Na hukumu hazifutwi."

Lotomau alifungasha. Mkeka, sufuria, panga, shuka la Fetuao. Alisimama kidogo kaburini, hakusema kitu, kwa sababu watu walikuwa wakimtazama na hakutaka kuwapa cha kwenda kusimulia. Sinapati alimbebea mkeka mpaka mtoni, akilia na kutukana kwa zamu.

"Nitafagia mimi. Kila asubuhi. Na kakao nitampelekea, nimwagie hapo chini."

"Usimwagie. Kunywa wewe, uketi naye."

Mto ulikuwa umeanza kubadilika rangi. Haujajaa, ulifika magotini, lakini vijiti na majani yalikuwa yakija kwa haraka kutoka juu, na kila aliyezaliwa Lefatu alijua maana yake. Nyuma yao honi ililia. Lilikuwa gari la Vaelupe, jipya, la serikali, refu la matairi, likikimbilia kuvuka kabla ya maji. Lilisimama kando yao. Kioo kilishuka, ubaridi ukatoka ndani, na Vaelupe akatoa kichwa. Hakuwa na maua tena.

"Mzee, panda."

Lotomau alitazama mbele.

"Panda, nakuambia. Tutavuka wote, sasa hivi, nyayo zako kavu. Ng'ambo utateremka, dereva atageuza gari, atakurudisha. Usiku utalala kwako. Hukumu imetimia, nani atasema nini? Leuta amesema bila kulowa, hakusema kwa daraja."

Ilikuwa kweli. Lotomau aliipindua kichwani, akaitafuta kasoro, asiione. Mlango wa nyuma ulifunguka. Kiti kilikuwa na kitambaa cheupe, na chini zulia lisilowahi kukanyagwa na mtu wa Lefatu.

"Panda, shemeji," alinong'ona Sinapati. Alikuwa ameukamata mkono wake. "Panda. Nani atakulaumu? Fetuao atakulaumu? Kesho asubuhi utakuwa naye."

Mguu wake mmoja ulinyanyuka. Tusimfanye shujaa, ulinyanyuka kabisa, ukafika kwenye ngazi ya gari. Ndipo akaisikia. Si redio, redio ilikuwa kwenye mzigo, imezimwa. Aliisikia kichwani, kwa sauti ile ile, tamu, isiyo na haraka: Mheshimiwa Spika, kabla sijachangia, napenda kulijulisha Bunge lako kwamba mzee mmoja wa kijiji changu, ambaye wakuu walimwamuru asirudi mpaka avuke bila kulowa, amevuka. Amevuka, Mheshimiwa Spika, na kurudi. Na makofi yangepigwa. Na yule dada wa ofisini angefunga kabisa alichokuwa amekiacha wazi. Na mvua hii au ile mwanamke mwingine angelazwa juu ya mlango.

Akauteremsha mguu.

"Mzee, usiwe mtoto. Maji yanapanda."

"Nayaona."

Alimpokea Sinapati mkeka, akauweka kichwani juu ya mzigo, akavua viatu vyake vya kanisani, kisha akabadili mawazo akavivaa tena ili navyo vilowe. Akaingia mtoni. Maji yalimpiga magoti, akayumba, akasimama. Watu waliokuwa wamefuata kuangalia walijaa ukingoni. Nyuma yake honi ililia tena na tena, kwa kuwa alikuwa katikati ya kivuko, pale pale panapopita magari, naye hakuwa na haraka.

"Toka njiani, wewe mzee!" Sauti ya Vaelupe haikuwa ya bungeni sasa. "Unanizibia!"

Lotomau aligeuka mtoni, mzigo kichwani, akavuta pumzi ile ile aliyokuwa akiitumia uwanjani.

"Kaseme bungeni maji yalinifika hapa!" Akajipiga kiganja kwenye paja, watu wote wakaona ni wapi. Kisha akashusha macho akautazama mkono wake, akaupandisha kidogo, kwa sababu maji yalikuwa yameshaupita. "La. Waambie hapa!"

Akaendelea kuvuka, taratibu, mbele ya gari la naibu waziri.